Mabenchi Hayapiti Mlango Wetu

Ohio, 28 Septemba 2020

Mwanangu Orpha,

Salamu za Bwana zikukute wewe, Joas na wajukuu wangu watatu. Hapa mvua imenyesha siku nne mfululizo, mahindi yamelala chini, na baba yako anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mgongo wangu, ule ulionianza ulipozaliwa wewe, unaniuma kila wingu linapopita.

Bahasha yetu ya mzunguko imefika kutoka kwa dada yako Delila kule Indiana. Nimetoa barua yangu ya zamani, nimetia mpya, kesho naituma kwako Montana. Nawe ukishasoma za wote utoe yako, utie mpya, umpelekee mdogo wako Katura. Safari hii imenenepa, maana barua yangu ina kurasa sita. Baba yako anasema nusu yake ni majivuno. Nimemwambia majivuno ni dhambi na mimi sijisifu, mimi nataarifu. Kama binti zangu watatu wanaoka mkate usiopasuka, nifanyeje, niseme umepasuka?

Sasa la leo. Delila ameandika kwamba zamu yako ya kupokea ibada nyumbani ni Oktoba 11, na kwamba kwa ajili ya hii corona askofu wenu amesema mwenye hofu aseme tu, gari la mabenchi, lile linalozungusha viti vya ibada nyumba kwa nyumba, lipite liende nyumba inayofuata. Askofu wenu ana huruma, Mungu ambariki. Lakini Orpha, nina miaka arobaini na minne ya ndoa, na farasi wa gari la mabenchi hawajawahi kufika njiani kwetu wakageuzwa. Hata mwaka ule ghala lilipoungua, tuliyapanga uani tukasali kwenye harufu ya moshi. Wako watakaoyapitisha. Wewe si wao. Mabenchi hayapiti mlango wetu. Nimeshawaambia wanawake wa hapa kwamba utapokea, na Lizbet wa ng'ambo ya kijito akanyamaza, na Lizbet kunyamaza unajua ni mara moja kwa mwaka.

Pai za tufaha zioke siku mbili kabla. Zinahitaji kutulia.

Mama yako,
Sovilla


Montana, 16 Oktoba 2020

Mama mpendwa,

Sisi wazima. Theluji ya kwanza iko juu milimani, chini bado.

Tulipokea. Watu walikuwa mia moja na kumi na wanane. Pai ishirini na mbili, zikabaki mbili. Mkate, siagi ya karanga, achari na kahawa viliwatosha wote. Mama yake Joas alikaa benchi la karibu na jiko kwa sababu ya baridi, kisha akakataa kupumzika akanisaidia kuosha vyombo. Alisema, "Orpha, jiko lako limepangwa kama la mtu aliyelelewa." Nimekuandikia hilo kwa kuwa najua utalipenda.

Kulikuwa na mgeni mmoja anayekohoa. Alisema ni vumbi la nyasi kavu. Kikombe cha maji kilipitishwa kama kawaida, mdomo kwa mdomo. Nilikuwa nimeweka vikombe vingine kabatini, nikaona haya kuvitoa.

Gari la mabenchi linaondoka Jumatano. Nitayapangusa kabla hayajaondoka.

Binti yako,
Orpha


Ohio, 1 Novemba 2020

Mwanangu,

Watu mia moja na kumi na wanane. Nimeisoma barua yako mezani, nikaisoma tena kwa fundi wa viatu, na Jumapili nimeisoma kwa wanawake tukivaa kofia zetu kuondoka. Sijisifu. Walikuwa wamesimama pale hata hivyo.

Ila karatasi yako imekuja ya kahawia pembeni kama ukoko wa pai, na inanuka jiko. Nimemwambia baba yako, huyu kazi zimemzidi mpaka anaandika huku anakoroga sufuria. Akasema, "Au anakaanga barua." Unamjua baba yako.

Delila amesikia kwamba mama mkwe wako ana homa. Mpe supu ya kuku na kitunguu kingi. Elmina ni mti wa msonobari yule, hatikiswi na upepo mmoja.

Na bahasha ya mzunguko mbona haijafika kwa Katura?

Mama yako,
Sovilla


Montana, 9 Novemba 2020

Mama mpendwa,

Mama Elmina amefariki Alhamisi, hospitali ya mjini. Joas alimwona kupitia kioo cha dirisha. Mazishi yamekwisha jana, kwa hiyo usifunge safari.

Wengine wawili waliokaa benchi lile wameugua. Mmoja amepata nafuu.

Nimefua mapazia yote, na mazulia, na nguo za watoto ambazo hazijavaliwa. Nimepiga deki sakafu kwa jiki. Alta na Menno wazima, mtoto mchanga mzima. Nawapima homa asubuhi, adhuhuri na jioni.

Usiwe na wasiwasi nami.

Orpha


Ohio, 18 Novemba 2020

Mwanangu Orpha,

Tumelia, mimi na baba yako. Elmina alikuwa mwanamke wa kweli, na alijua jiko lililopangwa akiliona. Mwambie Joas tunamwombea, na kwamba mama anayefia kwenye kazi njema amekufa vizuri.

Lakini wewe, Orpha. Baba yako alishangaa barua yako ilivyokuwa imetulia. Mimi sikushangaa. Nimewaandikia Delila na Katura kwamba dada yao amemzika mama mkwe na siku ya pili amefua mapazia, hakuna tone la chozi kwenye karatasi. Nimesema, huyo ni mwamba. Ulikuwa hivyohivyo ulipovunjika mkono ukiwa na miaka saba. Ulikuja jikoni ukaniambia, "Mama, mkono huu umeharibika," ukaketi.

Nimekutumia blanketi la viraka, la bluu na kijani. Nimelishona wiki sita. Lizbet alisema mishono yangu ni midogo kupita ya dada yake marehemu, nami sikumbishia.

Mwandiko wako umekuwa unatetemeka. Washa taa nyingine uandikapo. Na hiyo bahasha ya mzunguko jamani, Katura analalamika.

Mama yako,
Sovilla


Montana, 2 Desemba 2020

Mama,

Blanketi limefika. Liko ghalani. Tafadhali usitume nguo tena, wala kitu cha kitambaa, kwa kuwa kitambaa sijui nikifanyeje. Bahasha ya mzunguko nayo iko ghalani. Nilisema itakaa siku kumi na nne, halafu paka akalala juu yake, nikaanza kuhesabu upya. Halafu Joas akaigusa.

Kuna kitu nataka kukuuliza. Mtoto akilala na pumzi ikawa na sauti ndogo mwishoni, kama mtu anayefungua mfuniko, ni kitu gani? Menno anayo. Joas anasema haisikii. Mimi naisikia hata nikiwa chini kwenye ngazi.

Alta haendi shule kwa sasa. Namfundisha mwenyewe.

Usije, mama. Nakuomba sana. Ukija sitaweza kufungua mlango, na nitakusikia ukibisha.

O.


Ohio, 11 Desemba 2020

Mwanangu,

Blanketi langu la wiki sita linalala na ng'ombe? Basi ng'ombe wako ndio waliotandikiwa vizuri kuliko wote Montana.

Pumzi ya Menno ni pua. Na wewe ulikuwa nayo. Mtie matone ya maji vuguvugu yenye chumvi, ulale, uache kuhesabu mambo. Unapitiliza, Orpha. Huwezi kuiweka bahasha karantini kama ndama aliyenunuliwa mnadani. Dada zako wananiuliza, nami nimewaambia una kazi nyingi, kwa sababu sikujua la kuwaambia.

Nimetafuta nauli ya treni. Ni siku mbili tu. Barakoa nimeshona mwenyewe, nyeusi, nzuri.

Niandikie upesi. Baba yako hajui nimeandika hili, lakini usiku naisoma ile barua yako fupi, na naona umetia herufi moja tu mahali pa jina.

Mama


Montana, 18 Desemba 2020

Mama mkwe Sovilla,

Shikamoo. Mimi ni Joas. Unisamehe kwa kuandika bila Orpha kujua. Mkono wangu umezoea msumeno kuliko kalamu.

Orpha halali. Ni wiki ya sita sasa. Anakaa kwenye ngazi anasikiliza watoto wakipumua, na wakinyamaza kidogo anapanda kuwaamsha ili ajue wako hai. Watoto nao sasa wanaogopa kulala. Mikono yake imepasuka mpaka damu kwa jiki. Nikirudi kutoka msituni navua nguo nje kwenye theluji.

Barua anazioka. Zinazoingia na zinazotoka, zote. Oveni ya moto wa wastani, dakika ishirini. Ndiyo maana zinakuja kwenu za kahawia. Hataki kukuua wewe na baba, ndivyo anavyosema.

Anasema nyumba yake ndiyo iliyomuua mama yangu. Nimemwambia mama alikuwa amekwenda harusi wiki hiyohiyo, na sokoni, hakuna ajuaye. Hanisikii. Juzi aliniuliza kama watoto wasingekuwa salama zaidi wakilelewa na mama mwingine, asiyebeba kitu. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya unga. Mama, niliogopa kuliko siku ya mama yangu. Tangu hapo siendi msituni, na dada yangu analala nasi nyumbani, na Orpha haachwi peke yake.

Daktari wa mjini, mwanamke mpole, yuko tayari kumwona. Orpha amekataa. Anasema binti wa Sovilla haendi kwa daktari wa kichwa, na kwamba wewe umewaambia watu yeye ni mwamba.

Ana barua yako ya Septemba kwenye mfuko wa aproni. Ameioka mara nyingi, imebaki kipande. Kilichobaki kinasomeka: Mabenchi hayapiti mlango wetu.

Sikulaumu. Nakuambia kwa sababu sauti anayoisikia ni yako. Basi useme kitu kingine.

Mkwe wako,
Joas


Ohio, 24 Desemba 2020

Orpha, mwanangu, mtoto wangu,

Joas ameniandikia. Usimkasirikie, mume anayenyamaza kwa jambo kama hili ndiye wa kukasirikiwa.

Barua hii sijaioka. Nimeilamba bahasha kwa ulimi wangu mwenyewe. Hapa tuko wazima, lakini sikuahidi kitu kuhusu karatasi. Ukishindwa kuifungua, iache ghalani, kaa karibu nayo. Itakungoja. Mimi pia nitakungoja, siji mpaka uniite.

Sasa nikwambie jambo ambalo baba yako analijua, na shangazi yangu Malinda aliyekufa alilijua, basi.

Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja.

Ulipozaliwa wewe, jirani mmoja alipoteza mtoto kwenye tangi la maji ya mvua. Nikaanza kuogopa tangi letu. Nililifunika kwa mbao, nikaweka mawe, nikarudi kuongeza mawe. Nilikuhesabu wewe na Delila, wawili tu, nikahesabu tena, kana kwamba mngezidi au mngepungua. Kisha nikaacha kulala. Nilisikia maji usiku kucha, na tangi lilikuwa kavu. Asubuhi moja nilikutazama kitandani mwako nikaogopa mikono yangu mwenyewe. Nikamwita baba yako shambani, nikamwambia, mchukue huyu.

Alinipeleka kwa shangazi Malinda. Nilikaa wiki saba. Bibi yako, mama yangu mzazi, alisema, "Waambie watu ni mgongo." Basi tukasema mgongo. Shangazi alinikalisha kumenya maharage naye kila siku, hakuniuliza kitu. Daktari alinipa vidonge, nikavimeza na jemu miezi mitano. Mbingu haikuanguka. Nilirudi, ukanitazama, hukunijua, ukalia. Siku ya tatu ukanijua. Na tangu hapo, miaka thelathini na minne, mvua ikinyesha nashika mgongo mbele ya watu ili uongo usife. Nimeushika mpaka nimezoea.

Nilikuwa na nafasi ya kukuambia haya Oktoba ulipoandika kuhusu kikombe. Nilisoma mia moja na kumi na wanane tu. Sikusoma kikombe.

La Elmina: mlango ulioingilia ugonjwa hakuna anayeujua. Lakini kama ulikuwa wako, mimi ndiye niliyekuambia uufungue, kwa sababu nilitaka Lizbet anyamaze. Huo mzigo niletee mimi. Mimi ni mnene, nitaubeba.

Zamu ya ibada ya Jumapili ijayo ilikuwa yetu. Jumanne mzee Andi alikuja na gari la mabenchi mpaka kwenye lango. Nikatoka na shali yangu. Nikamwambia, "Lipitishe."

Akasema, "Sovilla, umesema nini?"

"Nimesema lipite, Andi. Naogopa."

Akavuta hatamu, farasi wanapiga kwato, akasema, "Mke wangu naye anaogopa. Sisi sote tulikuwa tunakuogopa wewe." Akageuza. Lizbet alikuwa dirishani kwake. Aliona magurudumu yote manne yakiondoka.

Basi nakuomba mambo mawili. La kwanza, nenda kwa yule daktari. Nenda unatetemeka, nenda na glavu, lakini nenda. Ukifika mwambie, mama yangu pia. La pili, bahasha ya mzunguko iko kwako. Itoe ile barua yangu ya kurasa sita uitie jikoni, na hiyo usiioke dakika ishirini, iungue kabisa. Weka hii mahali pake. Delila na Katura waisome. Delila hasa, kipindi cha masika aliniandikia kuhusu mgongo wake.

Mama yako, anayeogopa pamoja nawe,
Sovilla


Montana, 26 Januari 2021

Mama,

Barua yako ilikaa ghalani siku tano. Nilikwenda kusimama karibu nayo kila nilipokamua. Siku ya tano nikaifungua. Niliisoma mpaka mwisho kabla sijanawa. Kisha nilinawa mara tisa.

Nimekwenda kwa daktari mara tatu. Mara ya kwanza sikutoka garini, alikuja yeye akasimama nje, tukaongea kupitia kioo, na theluji inamwangukia. Nilimwambia, mama yangu pia. Akasema, "Basi umetoka kwa watu wanaorudi."

Nameza vidonge. Sina jemu, natumia asali. Amenipa pia kazi: kila siku kitu kimoja nisikioshe. Cha kwanza kilikuwa kijiko. Mama, kijiko kile kilinitoa jasho. Joas anasema hofu ni kama ng'ombe aliyezoea kulishwa saa kumi. Usipomlisha saa kumi anapiga kelele nyumba nzima isikie, lakini kesho yake anapiga pungufu kidogo. Nimemwambia ng'ombe huyu ana mapafu. Akacheka, halafu akalia. Hakupata kumlilia mama yake mpaka juzi, kwa sababu alikuwa anashughulika na mimi.

Pumzi ya Menno bado naisikia. Nasikia, lakini napanda mara moja, sipandi mara kumi. Wifi bado analala hapa. Usiku ule niliomuuliza Joas lile swali kuhusu watoto, nilikuwa namaanisha. Nataka ujue. Sasa nikilifikiria naogopa, na daktari anasema hiyo ni hofu nzuri, niihifadhi.

Ile ya kurasa sita nimeichoma. Kile kipande cha Septemba nacho. Bahasha imekwenda kwa Katura jana na barua yako ndani. Nakuandikia ujue, kwa kuwa ni siri yako na imeshaondoka.

Blanketi bado liko ghalani. Nimeligusa kona moja.

Usije bado. Njoo theluji ikiyeyuka.

Binti yako,
Orpha


Ohio, 3 Februari 2021

Mwanangu Orpha,

Hapa ni baridi kavu, mgongo hauumi.

Katura amepiga simu kwenye kibanda chetu cha simu cha barabarani, akamwachia baba yako ujumbe mrefu mpaka mashine ikakata. Analia na kucheka. Delila bado, bahasha haijafika kwake, lakini nimemwandikia pembeni kwamba huo mgongo wake tuuzungumze. Naogopa jibu lake, nikwambie kweli. Kila gari la posta likipita naweka mkono kifuani.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeigeuza mbele na nyuma. Nimeinusa. Kwenye kona kuna alama ya kidole kidogo cha asali, nafikiri ni cha Menno, na hukuifuta.

Najua kesho inaweza kuja ya kahawia. Ikija ya kahawia nitaisoma vilevile.

Ila hii nimeivalia shali, nimevuka nayo kijito, nikamwekea Lizbet mezani. Ameitazama, amenitazama. "Sovilla," akasema, "mbona ni barua nyeupe tu?"

Nikamwambia aitazame vizuri.

Sijisifu. Nataarifu.

Mama yako,
Sovilla